Star Tours ya zamani na ya sasa: namna ya kuzilinganisha kwa haki

Wakutanishe mashabiki wawili wa Star Tours, safari ya simuleta ya hadithi za Star Wars katika bustani za Disney, na ubishi utaanza hapohapo. Mmoja atashikilia kwamba ya zamani ndiyo ilikuwa safari ya kweli, mwingine atasema ya sasa haina mpinzani. Mara nyingi wawili hao hawazungumzii kitu kimoja: huyu anapima kumbukumbu ya utotoni, yule anapima video hafifu ya simu dhidi ya safari aliyoipanda wiki iliyopita akiwa na miwani ya 3D usoni. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kuwa na mshindi wa haki. Ukitaka jibu linalosimama, itenganishe safari katika tabaka zake, yaani mashine, picha, hadithi na bahati nasibu, kisha pima kila tabaka peke yake.

Kwanza tarehe ziwe sawa, maana rekodi nyingi zimeandikwa mwaka usio wake. Star Tours ilifunguliwa Disneyland ya Anaheim, California, tarehe 9 Januari 1987. Tokyo ilifuata Julai 1989, Florida Desemba 1989 (katika bustani inayoitwa leo Disney's Hollywood Studios), na Paris ikaipata siku bustani yenyewe ilipofunguliwa, 12 Aprili 1992. Toleo la sasa, Star Tours: The Adventures Continue, lilianza Florida tarehe 20 Mei 2011, California 3 Juni 2011, Tokyo 7 Mei 2013 na Paris 26 Machi 2017. Ya zamani haipo tena popote. Paris ndiyo iliyoiaga mwisho, Machi 2016. Kwa hiyo upande mmoja wa ulinganisho utaufanyia kazi kwenye rekodi tu, na nusu ya makosa yote huzaliwa hapo.

Ielewe mashine kabla ya kuihukumu

Kebini inabeba abiria 40, safu 5 za viti 8, na imekaa juu ya miguu ya haidroliki. Mashine hiyo ilitoka kwa kampuni ya Kiingereza, Rediffusion Simulation, iliyokuwa ikitengeneza simuleta za kufundishia marubani. Inaweza kusogea kwa namna sita: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kuinua na kuinamisha pua, kulala ubavu, na kugeuza pua kushoto au kulia. Yajue haya majina sita na uyatumie kwenye maandishi yako. "Inatikisa sana" haimsaidii msomaji. "Inalala ubavu wa kulia, kisha inainamisha pua" inampa cha kuangalia.

Jambo la kushika zaidi ni hili: kebini haina nafasi ya kukimbia. Chombo kinapoonekana kuongeza kasi, kebini husogea mbele kidogo, kisha huinua pua polepole huku upeo kwenye skrini ukibaki palepale. Skrini inainama pamoja nawe, kwa hiyo macho hayana cha kukuambia kwamba umelazwa kinyumenyume. Sikio la ndani haliwezi kutofautisha kuinamishwa na kusukumwa, na ubongo unaamua kwamba ni kasi. Kebini ikiinama nyuzi 20, mgongo wako hupokea takriban theluthi moja ya uzito wako, na hiyo yatosha kabisa kuhisi umebanwa kwenye kiti. Baada ya hapo kebini hurudi katikati taratibu mno, chini ya kiwango unachoweza kukihisi, ili iwe tayari kwa tukio linalofuata. Mwendeshaji mzuri wa simuleta hupimwa kwa marudio hayo yasiyohisika kuliko kwa mitikisiko.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya matoleo mawili ilipo, nayo haitajwi sana. Ya zamani ilikuwa filamu moja ya milimita 70, ya takriban dakika nne na nusu, isiyobadilika. Mtengenezaji wa mwendo alijua kila mara kebini imetoka wapi na inaelekea wapi, kwa hiyo tukio moja liliweza kumiminika ndani ya jingine bila kupumzika. Ya sasa ni vipande vinavyoungwa kwa bahati nasibu. Kipande chochote cha kwanza lazima kiweze kufuatwa na chochote cha pili, ndiyo maana kila kipande humalizikia mahali ambapo vyote vinavyofuata vinaweza kuanzia. Kuruka kwa kasi ya mwanga na ujumbe wa hologramu ni viungo: pale picha inatulia, na kebini inapata muda wa kurudi katikati. Ukihisi kwamba ya sasa "inakatika katika" kuliko ya zamani, hujakosea, na sasa unajua sababu. Lakini usiiite kasoro ya wachora picha. Ni gharama ya kuwa na safari zaidi ya moja.

Kutafuta rekodi ya zamani inayofaa

Utahitaji rekodi mbili za aina tofauti. Ya kwanza ni iliyopigwa ndani ya kebini, yenye vichwa vya abiria, sauti zao na roboti rubani. Ya pili ni picha ya filamu peke yake, safi iwezekanavyo. Ya kwanza itumie kwa mwendo na muda, ya pili kwa picha. Ukitumia moja kwa kazi zote mbili utaionea ya zamani: rekodi ya kebini huonyesha picha yenye giza na ukungu ambayo abiria wa 1987 hakuiona hivyo, na rekodi ya filamu peke yake haina uhai wa kebini.

Kabla ya kuiamini rekodi yoyote, kagua mambo haya:

Umbo la picha. Rekodi nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa 4:3 na zikavutwa kuwa 16:9, hivyo kila kitu kimepanuka kwa theluthi moja. Tafuta kitu cha duara, kwa mfano Death Star, kile kituo cha anga cha adui. Ikionekana kama yai, rudisha umbo kwanza.

Kasi. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde ikihamishwa kwenye mfumo wa video wa Ulaya wa fremu 25 bila kurekebishwa huenda haraka kwa asilimia 4 hivi, na sauti hupanda. Katika safari ya sekunde 270 hiyo ni tofauti ya sekunde 10 au 11. Watu wamewahi kuandika kwamba Paris ilikuwa na toleo fupi, kumbe ni kasi ya uhamishaji.

Lugha na bustani. Rubani wa Tokyo alisema Kijapani, wa Paris Kifaransa. Kama unapima uchekeshaji wa rubani, linganisha lugha moja na lugha hiyohiyo. Kama unapima mwendo, lugha haina neno.

Uchakavu. Filamu ya milimita 70 inayozungushwa kutwa hupata mikwaruzo na vumbi. Rekodi ya miaka ya mwisho inaonyesha nakala iliyochoka au lenzi iliyochafuka, na huwezi kuitumia kusema kwamba picha ya 1987 ilikuwa duni.

Kwa kutazama fremu moja moja, programu ya video ya VLC inatosha: simamisha video, kisha bonyeza herufi E kwa kila fremu. Kwa sauti, fungua rekodi kwenye programu ya sauti ya Audacity na uweke alama kwenye wimbi la sauti. Chagua sifuri moja na uishike kwa rekodi zote. Sifuri nzuri kuliko zote ni pale nyota zinapoanza kuwa mistari, yaani kuruka kwa kasi ya mwanga kwa mara ya kwanza, kwa sababu tukio hilo lipo katika matoleo yote mawili na linaonekana hata kwenye rekodi mbovu. Usitumie kufungwa kwa mlango. Muda kati ya mlango na kuondoka unategemea wafanyakazi na ukaguzi wa mikanda.

Sasa suala linalowachanganya wengi: mwendo wa ya zamani utauonaje kwenye video? Kamera iliyokuwa ndani ya kebini ilisogea pamoja na kebini, hivyo kingo za skrini hazitikisiki hata kebini ikirushwa namna gani. Usiangalie skrini. Angalia vichwa vya walio safu ya mbele. Vikienda nyuma pamoja, kebini imeinua pua au imesukumwa mbele. Vikilala upande mmoja, imelala ubavu upande huohuo au imesukumwa upande wa pili. Vikiruka juu kidogo kutoka kwenye migongo ya viti, imeshuka ghafla. Kwa video ya fremu 30, kila fremu ni kama milisekunde 33, basi unaweza kuhesabu fremu kati ya tukio kwenye picha na vichwa kuanza kusogea. Fanya hivyo kwa matukio matano tu, uchague yenye mgongano au kugeuka kwa ghafla. Ukihesabu kila mtikisiko utachoka na hutapata kitu cha ziada. Mkono wa mpiga picha nao huyumba, kwa hiyo kichwa kimoja si ushahidi. Vichwa vitatu vikienda pamoja ndiyo ushahidi.

Kuipanda ya sasa ukiwa kazini

Kwa Waswahili walioko Ulaya, Paris ndiyo ya karibu, na walioko Marekani wana California na Florida. Kimo cha chini ni sentimita 102. Kebini ni 4 California na 6 katika bustani nyingine tatu, kwa hiyo ukipanda mara kadhaa huwezi kuwa na uhakika wa kurudi kebini ileile. Andika namba ya mlango ulioingilia.

Kwenye mageti ya kupandia, omba kwa adabu kusubiri safu unayoitaka. Mfanyakazi hukubali mara nyingi ikiwa foleni haijafurika. Safu ya 3, viti vya kati, ndiyo ya kupimia: uko karibu na katikati ya kebini, mwendo ni wa wastani na picha inakujia moja kwa moja. Safu ya 5 hupanda na kushuka zaidi pua inapoinama, kwa sababu uko mbali na kitovu cha mzunguko. Safu ya 1 inakupa picha kubwa, lakini ukiwa pembeni 3D inapinda. Anayesema ya sasa ni kali kuliko ya zamani, muulize kwanza alikaa wapi safari zote mbili.

Panda angalau mara nne, kila mara na kazi moja:

Mara ya kwanza, usiandike chochote. Itazame kama abiria.

Mara ya pili, kaa safu ya 3, macho wazi, uhesabu pale unapohisi kebini inarudi katikati. Kama huhisi kabisa, andika hivyo, maana hayo ndiyo matokeo mazuri.

Mara ya tatu, fumba macho kuanzia kuruka kwa kasi ya mwanga hadi kipande cha kwanza kiishe. Utashangaa mwendo wenyewe ulivyo mdogo. Kile kilichokuwa kama kuanguka mita mia ni mshuko mfupi na kuinama kwa pua, basi. Zoezi hili moja hufundisha kuhusu simuleta kuliko kusoma maelezo marefu, na ndilo linalokuonyesha picha inabeba mzigo kiasi gani.

Mara ya nne, kaa safu ya 5 na ulinganishe na ulichoandika safu ya 3.

Ukitaka namba, tumia simu. Phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inarekodi vipimo vya kasi-badiliko na vya mzunguko vilivyomo ndani ya simu. Tengeneza zoezi lenye vipimo vyote viwili, uweke kurekodi kwa muda maalumu, kwa mfano kusubiri sekunde 60 kisha kurekodi sekunde 420, ili usishikeshike simu ndani. Itie kwenye kipochi cha kiunoni kilichobana. Nyonga hufuata kiti, ilhali kifua huyumba chenyewe na mfuko wa suruali huachia simu ikageuka. Kaa tuli sekunde chache kabla ya kuondoka: mhimili utakaosoma karibu 9.8 ndio wa juu-chini.

Kusoma namba hizo kuna mtego. Kipimo cha kasi-badiliko, sawa na sikio la ndani, hakijui kuinama na kusukumwa vinatofautianaje. Ukiona mstari wa mbele-nyuma umepanda, angalia kipimo cha mzunguko palepale. Kama nacho kilionyesha mzunguko muda mfupi kabla, kebini iliinamishwa. Kama kilikaa kimya, kebini ilisukumwa kweli. Wapo waliotangaza kwamba kipande fulani kina "msukumo mkali" kumbe ni kuinama tu. Namba hizi hazikupi ya zamani, kwa kuwa haipimiki tena. Zinakupa njia ya kulinganisha vipande vya sasa vyenyewe kwa vyenyewe, na kukagua kama njia yako ya kusoma vichwa inafanya kazi: piga hesabu ya vichwa kwenye video ya toleo la sasa, kisha uone kama inalingana na simu. Ikilingana, unaweza kuiamini kwa ya zamani.

Picha na miwani

Ya sasa inaonyeshwa kwa projekta za kidijitali na mfumo wa Dolby 3D. Mfumo huo haugawi picha kwa mwelekeo wa mwanga kama miwani ya bei nafuu ya sinema. Kila jicho hupewa mikanda yake myembamba ya nyekundu, kijani na buluu. Faida yake kwa simuleta ni kwamba ukiinamisha kichwa, picha ya jicho moja haivuji kwenda jicho la pili. Hasara ni mwanga: kila jicho hupata sehemu tu ya kilichotoka kwenye projekta. Ndiyo maana ukivua miwani kwa sekunde mbili skrini hung'aa ghafla na picha inakuwa maradufu. Kwa kupima rangi na mwanga, linganisha ulichokiona ndani ya miwani na rekodi safi ya filamu ya zamani. Usitumie video za mitandaoni za toleo la sasa: zilizopigwa bila lenzi ya miwani zinaonyesha picha mbili, na zilizopigwa kupitia lenzi moja zina rangi ya jicho moja tu. Lenzi zenye alama za vidole hutia ukungu kila taa nyeupe kwenye skrini. Zifute kabla ya kuilaumu projekta.

Kichefuchefu nacho kiandikwe, kwa kuwa ni kipimo halali. Hutokea macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halikuupata, au kinyume chake. 3D inaongeza kazi ya macho, hivyo watu walioivumilia ya zamani miaka yote wanaweza kuchoka na ya sasa bila mashine kuwa kali zaidi. Ukianza kujisikia vibaya, kaza macho katikati ya skrini. Ikizidi, fumba macho. Usigeuke kumtazama jirani yako, maana kugeuza kichwa wakati kebini inageuka huzidisha mambo.

Jozi za kulinganisha

Usilinganishe safari nzima na safari nzima. Chukua matukio yanayofanya kazi moja.

Kuondoka. Katika ya zamani, Rex, roboti rubani anayesafiri kwa mara ya kwanza, anakosea njia na chombo chake, StarSpeeder 3000, kinatumbukia kwenye karakana na kuponea chupuchupu. Katika ya sasa, roboti C-3PO anajikuta rubani wa StarSpeeder 1000 bila kutaka, na Dola (utawala wa kidhalimu katika hadithi) inatafuta jasusi wa waasi aliyemo ndani. Picha ya abiria mmoja wa safari hiyohiyo hutokea kwenye skrini. Ya zamani inajenga hofu kutokana na ubovu wa rubani, ya sasa kutokana na kufukuzwa. Kwa uamuzi wetu, kuanguka ndani ya karakana bado ndio mwanzo bora: ni kosa dogo, linaeleweka bila maneno, na mwendo wake unafanana na picha hatua kwa hatua.

Kuruka kwa kasi ya mwanga. Hii ndiyo jozi safi kuliko zote, kwa sababu picha karibu ni ileile na mbinu ni ileile, kuinua pua huku nyota zikivutika. Ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja tu, pima hiki.

Kushikwa. Ya zamani ina tukio ambalo Star Destroyer, chombo kikubwa cha kivita cha adui, inakivuta chombo kwa miale. Ya sasa, katika moja ya mianzo yake, ina Darth Vader akikizuia chombo kwa nguvu za mkono wake. Yote mawili yanadai jambo gumu kwa simuleta: kuonyesha nguvu mbili zinazopingana wakati kebini haiendi kokote. Tazama kwa makini. Tafuta mtetemo wa haraka wenye umbali mdogo, na pua iliyoinama kidogo upande wa mvutaji bila kurudi katikati. Kisha tafuta kuachiliwa: kebini inapaswa kuruka upande wa pili mara tu nguvu inapokatika. Kwenye rekodi za ya zamani, vichwa vitakuonyesha wazi kama kuachiliwa kulikuja pamoja na mlipuko au fremu kadhaa baadaye. Tukio la Vader lina faida ya uso: unamwona anayekushika, umbali mfupi, kwa 3D, na huko 3D inafanya kazi yake kweli. Tukio la miale lina faida ya ukubwa, chombo cha adui kinajaza kioo chote.

Vizuizi vinavyorushwa. Vimondo vya barafu vya ya zamani vilinganishwe na mawe ya sayari ya Geonosis, si na theluji ya sayari ya Hoth, zote za toleo la sasa. Hoth ni kuteremka mlima, mwendo wake ni wa kuteleza na kugonga chini. Geonosis ni kukwepa, kama vimondo, ingawa ya zamani inakupitisha hadi ndani ya kimondo chenyewe na hakuna kipande cha sasa kinachofanya hivyo.

Death Star. Ya zamani inakushusha kwenye mfereji na kulipua kituo. Geonosis inaonyesha kituo kikiwa bado kinajengwa na wewe unakimbia. Kwa hisia ya kasi karibu na ardhi, mshirika mzuri zaidi wa mfereji ni Coruscant, pale chombo kinapoporomoka katikati ya magari yarukayo ya mji. Naboo, yenye safari ya chini ya maji, haina mshirika katika ya zamani. Iache nje ya alama za kulinganisha na uiandikie peke yake.

Kutua. Rex anarudi karakana na karibu aligonge gari la mafuta. Hapo breki ya ghafla ndiyo ya kupima: pua inashuka haraka, vichwa vyote vinakwenda mbele.

Hesabu ya bahati

Mwaka 2011 toleo la sasa lilikuwa na mianzo 2, sayari za kwanza 3 (Hoth, Tatooine, Kashyyyk), jumbe 3 (Yoda, Ackbar, Leia) na miisho 3 (Coruscant, Naboo, Geonosis). 2 × 3 × 3 × 3 ni 54. Baadaye kikaongezwa Jakku Novemba 2015, Crait 2017, Kef Bir Desemba 2019, na Aprili 2024 vipande vyenye Ahsoka, Andor na Mandalorian, na idadi ya michanganyiko ikapita 250.

Usijaribu kuona michanganyiko yote. Hata kwa ile 54 ya mwanzo, kama kila mmoja ungekuwa na nafasi sawa, wastani wa safari za kuimaliza ni karibu 247. Unachohitaji ni vipande, na hivyo huja mapema. Kwa mpangilio ule wa 2011, safari 6 zinakupa nafasi ya takriban asilimia 39 ya kuona kila kipande angalau mara moja, na safari 10 karibu asilimia 85. Kwa mpangilio wa leo wenye vipande vingi zaidi, safari hazitapungua. Tena bustani hupendelea vipande vipya wakati wa uzinduzi na sherehe, hivyo nafasi si sawa kila siku. Ukipata Jakku mara tatu mfululizo, si lazima iwe bahati.

Hapo pana onyo la haki: ya zamani ina alama moja, ya sasa ina nyingi. Aliyepata kipande dhaifu mara mbili ataishusha safari yote. Toa alama kwa kipande, kisha andika wastani na pia kipande bora na kibovu. Kipande bora cha sasa dhidi ya ya zamani ni swali moja, na safari ya kawaida ya sasa dhidi ya ya zamani ni swali jingine. Mabishano mengi hutokana na kuyachanganya.

Foleni

Usiiache nje, kwa sababu hadithi inaanzia huko. Roboti mbili za G2, ambazo mifupa yake California ilitoka kwa bata bukini wa onyesho la America Sings, zilikuwa mafundi katika ya zamani. Katika ya sasa ni walinzi wa usalama, mmoja akikagua mizigo na mwingine abiria. Sauti ya roboti mhudumu Aly San San ni ya Allison Janney, na ya Rex ilikuwa ya Paul Reubens. Mtafute Rex kwenye foleni ya sasa: yumo kwenye kreti, kabandikwa kuwa mbovu na anarudishwa kiwandani, na mara mojamoja hutoa maneno yake ya zamani. Simama hapo hadi aseme, uwaache walio nyuma yako wapite. Tangu 2019 amepata kazi ya kupiga muziki Oga's Cantina, huko Galaxy's Edge, eneo la Star Wars katika bustani za Disney za Marekani.

Kutoa alama

Andika alama 1 hadi 5 kwa mambo manne: mwendo kulingana na picha, ubora wa picha, hadithi kueleweka bila kusikia maneno, na hamu ya kupanda tena. Usizijumlishe. Kila mtu aandike kabla ya mazungumzo, kwa sababu aliyepanda 1987 husikilizwa kwa heshima na wengine hubadili namba zao. Kwenye karatasi ya kila mtu pawe na bustani, tarehe, namba ya mlango, safu, vipande alivyopata kwa mpangilio, na kama aliwahi kupanda ya zamani au anaijua kwa rekodi tu. Makundi hayo mawili yasichanganywe kwenye wastani mmoja: waliopanda wanaweza kupima mwendo, wa rekodi wapime picha na hadithi peke yake. Kipande kipya kikiongezwa, anza ukurasa mpya wenye tarehe, na alama za zamani ziachwe kama zilivyo.